Mnunuzi Wako Umemwandika Wapi?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Merigi

Wakulima wa Merigi, na ninyi nyote mlio katika skimu, mwezi huu hatutasema habari za mbolea wala za kupogoa chai. Tutasema habari za daftari. Huenda wengine wakaguna, maana daftari halipandwi wala halikamuliwi. Lakini wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo ni kweli kwa viazi, kwa maziwa, kwa kuku na kwa miche, kama lilivyo kweli kwa duka la mjini.

Swali ni moja tu. Mtu aliyenunua viazi vyako msimu uliopita, akavisifu, akasema atarudi, umemwandika wapi?

Wengi hujibu, "Namkumbuka." Wengine husema, "Namba yake imo katika simu." Lakini kichwa husahau, na simu huanguka mtoni. Msimu mwingine ukifika, mkulima huanza tena kutafuta mnunuzi kama mtu ambaye hajapata kuuza kitu maisha yake yote.

SISI WENYEWE TUMEANDIKWA

Mkulima wa skimu haoni ajabu kuandikwa. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, kila aliyepewa shamba alipewa na namba yake, na mkopo wake ukaingizwa katika vitabu. Kwa chai ni vivyo hivyo. Mamlaka ya Kustawisha Chai ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2000 kazi yake ikapita kwa kampuni ya KTDA. Katika nyakati zote mbili mkulima apelekaye majani kituoni hutambuliwa kwa namba. Karani hupima, kilo huandikwa, na malipo hufuata namba ile. Hakuna mkulima wa chai ambaye angekubali majani yake yapimwe bila kuandikwa.

Sasa tutazame upande wa pili wa chai hiyohiyo. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Dalali wa mnada hasimami barabarani akiita wapita njia. Kabla ya siku ya kuuza hupeleka kwa wanunuzi anaowajua orodha ya chai itakayouzwa, pamoja na sampuli ndogo za kuonja. Siku ikifika, kila mnunuzi amekwisha onja na anajua anachotaka. Tangu mwaka 2020 mnada wenyewe hufanyika kwa kompyuta, lakini desturi ya kuwaarifu wanunuzi mapema ni ileile.

Basi chai ina madaftari mawili: moja la wanaoileta, na moja la wanaoinunua. Viazi vyetu havina hata moja. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitengeneze.

VIAZI HAVINGOJI

Mnajua jinsi viazi vinavyouzwa. Lori hufika langoni, na dalali hushuka akataja bei. Mkulima hutazama viazi vilivyokwisha chimbwa, hutazama mawingu, kisha hukubali. Ikiwa viazi ni Shangi, ndiyo zaidi, kwa kuwa Shangi hukomaa upesi na huota macho upesi. Haviwekeki kama mahindi. Dalali analijua hilo vizuri.

Tena kuna jambo la lumbesi, lile gunia linaloshonewa kichwa mpaka likafanana na mtu aliyebeba mtoto shingoni. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema viazi vifungwe katika magunia yasiyozidi kilo 50. Kanuni ni nzuri. Lakini mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu, naye yuko langoni na injini ya lori inanguruma, hana nguvu ya kuomba mizani. Mtu mwenye mnunuzi mmoja hana bei. Ana kukubali au kukataa tu.

Tusimtukane dalali. Yeye amefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Anajua hoteli gani ya Narok yahitaji viazi siku ya Jumatatu, shule gani imefungua, na mwenye kibanda gani cha chipsi mjini Nakuru hulipa siku hiyohiyo. Hakuiba wanunuzi hao kwa mtu. Aliwauliza majina yao, akawaandika, akawa anawaarifu. Hiyo ndiyo mali yake, nayo ina thamani kuliko lori.

Watu husema, "Kizuri chajiuza." Ni kweli, kizuri hujiuza kwa mtu anayekiona. Mwalimu mkuu aliyeko Sotik hawezi kuona viazi vilivyo chini ya udongo Merigi. Ni lazima aambiwe kwamba vipo, ni vya aina gani, na vitachimbwa lini.

BARUA PEPE YAFAA NANI?

Barua pepe ni barua inayopita kwa intaneti badala ya mfuko wa posta. Si kitu kipya. Mmarekani Ray Tomlinson alituma ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971, na yeye ndiye aliyechagua ile alama ya @ iliyo katikati ya kila anwani. Wazee wanaojua sanduku la posta watafahamu mara moja. Anwani ya barua pepe ni sanduku ambalo mwenyewe hulifungua popote alipo, kwa simu yake, kwa neno la siri badala ya ufunguo.

Je, jirani anunuaye chupa moja ya maziwa asubuhi yafaa kuandikiwa barua pepe? La. Mwite tu ng'ambo ya ua, au mpelekee ujumbe mfupi wa simu. Barua pepe yafaa watu wa namna nyingine, nao ni hawa: karani wa shule ya bweni, bwana stoo wa hoteli, ofisi ya ununuzi ya hospitali, mwenye duka kubwa, na watoto wetu wanaofanya kazi Nairobi au ng'ambo, ambao huwanunulia wazazi chakula na miche wakiwa mbali. Watu hawa hufungua barua pepe kila siku ya kazi. Tena wengi wao hawawezi kununua kwa maneno matupu. Hutaka bei iliyoandikwa, yenye tarehe, wamwonyeshe mkubwa wao. Barua pepe huchapwa ikawekwa katika faili. Maneno ya simu hayachapwi.

Faida nyingine ni kwamba watu hubadili laini za simu mara kwa mara, lakini anwani ya barua pepe, na hasa ya ofisi, hukaa miaka mingi.

Vijana wataniambia, "Sisi tuna kundi la WhatsApp na ukurasa wa Facebook." Vizuri, msiviache. Lakini kumbukeni tarehe 4 Oktoba 2021. Siku hiyo Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi. Mfanyabiashara ambaye wateja wake wote walikuwa humo hakuwa na njia ya kuwafikia. Ukurasa ule ni kibanda katika soko la mtu mwingine. Mwenye soko akifunga lango, umefungwa nawe. Lakini majina yaliyo katika daftari lako ni yako, na ukihama kampuni moja ya barua pepe ukaenda nyingine, wahama nayo.

HABARI YA MFANYABIASHARA WA CHICAGO

Kuwaandikia wanunuzi walio mbali kulianza zamani kabla ya kompyuta, na walioanza kufaidika walikuwa wakulima. Mwaka 1872 huko Chicago, Marekani, mtu mmoja jina lake Aaron Montgomery Ward alichapa karatasi moja yenye majina ya bidhaa na bei zake, akaipeleka kwa posta kwa wakulima, hasa wale wa chama cha wakulima kilichoitwa Grange. Wakati huo mkulima wa shamba la mbali hakuwa na pa kununua ila duka moja la kijijini, na bei ilikuwa ni ile atakayo mwenye duka. Mwaka 1875 Ward akaahidi kwamba mtu asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Ile karatasi moja ikakua ikawa kitabu kikubwa kilichojulikana Marekani yote.

Sikilizeni na habari ya pili, iliyo kinyume cha hiyo. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta iitwayo Digital Equipment Corporation, alituma tangazo kwa mkupuo mmoja kwa watu 400 hivi ambao hawakumwomba. Wengi walikasirika, na malalamiko yakafika kwa wakubwa wa mtandao ule. Mpaka leo tangazo lile hutajwa kuwa ndilo la kwanza la barua za taka, zile zinazojaza masanduku ya watu.

Wote wawili walikuwa na orodha ya majina. Mmoja aliwapelekea watu kitu walichokihitaji, tena akaweka ahadi. Mwingine aliwapelekea kitu alichokihitaji yeye. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama orodha yako itaishi au itakufa.

JINSI YA KUANZA

1. Nunua daftari lenye mistari. Usianze na kompyuta. Chora safu saba: jina; kazi na mahali; barua pepe; simu; alichonunua na kiasi gani; tarehe; na mwisho, alichokubali kuarifiwa. Baadaye kijana aliyemaliza shule ataweza kuyanakili yote katika kompyuta au simu. Daftari lenyewe libaki nyumbani, mahali pakavu.

2. Uliza kwa adabu, wala usichukue kwa hila. Wakati mzuri wa kuuliza ni ule mnunuzi anapopokea mzigo na kuuona ni mzuri. Sema hivi: "Mama, nitachimba tena mwezi wa saba. Ukipenda nitakuandikia wiki tatu kabla. Nitakuandikia habari za viazi tu, na siku ukisema basi, nitaacha." Akikubali, mwombe aandike anwani kwa mkono wake mwenyewe. Herufi moja ikikosewa, barua haifiki.

3. Soma anwani kwa sauti mbele yake. Hii ni desturi ya darasani, nayo huokoa makosa mengi. Jioni ileile mwandikie maneno mawili ya shukrani. Barua ikirudi, utajua anwani ina kosa, nawe bado wamkumbuka mtu.

4. Tafuta majina mahali pa haki. Yapo siku ya soko, Bomet na Longisa na Mulot. Siku ya maonyesho ya kilimo. Mlangoni mwa stoo ya shule unapopeleka mzigo. Usinakili rejista ya shule, wala kitabu cha kanisa, wala orodha ya chama kingine. Wala usinunue majina kwa mtu anayeyauza. Watu wale hawakukuita.

5. Fungua anwani ya biashara, mbali na ile ya nyumbani. Iwe na jina la shamba au la kikundi, ili mpokeaji ajue ni nani anayemwandikia. Anwani ya Gmail hufunguliwa bila malipo. Akaunti hiyo ya bure hairuhusu kuandikia zaidi ya watu 500 kwa siku, na sisi hatuna wanunuzi 500.

6. Ukiwaandikia wengi pamoja, weka anwani zao katika nafasi yenye herufi Bcc. Ukiziweka penginepo, kila mpokeaji ataona anwani za wenzake wote. Utakuwa umetoa siri za watu, na umempa mshindani wako daftari lako bure.

BARUA YENYEWE IWEJE?

Iwe fupi. Bwana stoo ana barua nyingi na muda mchache. Kichwa cha barua kiseme jambo zima, ili hata asiyeifungua ajue. Huu ni mfano, na bei iliyomo ni ya mfano tu:

Kichwa: Viazi Shangi magunia 40, kuchimbwa 14 Julai, Merigi

"Bwana Stoo, salamu kutoka Merigi. Tutachimba viazi aina ya Shangi tarehe 14 Julai. Tutakuwa na magunia 40 ya kilo 50, yaliyopimwa kwa mizani. Bei ni Sh. 2,000 kwa gunia hapa shambani. Tukileta Bomet mjini tutaongeza gharama ya gari. Ukihitaji, tujibu kabla ya tarehe 7 Julai utuambie idadi ya magunia. Malipo ni kwa namba iliyo katika stakabadhi yetu ya zamani. Namba hiyo haibadilishwi kwa barua. Ikiwa hutaki kuandikiwa tena, jibu neno ACHA, nasi tutaacha. Asante."

Tazameni mambo yaliyomo: aina, kiasi, uzito, tarehe, bei, mahali, siku ya mwisho ya kujibu, namna ya kulipa, na njia ya kujiondoa. Taja aina siku zote. Mpishi wa chipsi na mtengenezaji wa krispi hawatafuti kiazi kimoja. Wa krispi aweza kuwa anatafuta Dutch Robijn, na Shangi haitamfaa.

Barua tatu kwa msimu zatosha. Ya kwanza ni wakati wa kupanda, kusema umepanda nini na ekari ngapi. Ya pili ni wiki tatu kabla ya kuchimba. Ya tatu ni baada ya kuuza, kushukuru na kuuliza kama mzigo ulikuwa sawa. Anayeandika kila siku huchosha, na anayeandika mara moja kwa mwaka husahauliwa.

Na ikitokea mabaya? Sisi wa nchi hii ya chai twajua mvua ya mawe. Ikipiga shamba na magunia 40 yakawa 15, andika siku ileile useme hivyo. Usingoje mpaka siku ya kupeleka. Mwenye hoteli aliyeambiwa mapema atatafuta viazi kwingine, naye atakushukuru. Aliyeachwa akingoja huku wageni wake wamekaa mezani hatakusamehe, hata mvua ilikuwa ya Mungu.

HESABU KIDOGO

Tufanye hesabu kama darasani. Hesabu hii ni ya kudhani tu. Kila mmoja aweke idadi zake mwenyewe.

Tuseme una majina 60. Katika hao, 20 wakaisoma barua, na 6 wakaagiza, kila mmoja magunia 4. Hayo ni magunia 24, yaani kilo 1,200. Tuseme dalali langoni angetoa Sh. 1,700 kwa gunia la uzito uleule, na wewe umeuza kwa Sh. 2,000. Tofauti ni Sh. 300. Mara 24, ni Sh. 7,200. Tuseme ulikubali kulipa gari Sh. 3,000 kutoka mfuko wako. Zimebaki Sh. 4,200.

Mtu atasema, "Sh. 4,200 tu kwa kazi yote hiyo?" Asiishie hapo. Umebaki na magunia 16. Dalali akija, huna tena magunia 40 yanayoota macho. Una 16, na unajua bei ambayo wengine wamelipa wiki hiyohiyo. Sasa waweza kumwambia dalali, "Leta mizani," na asipoileta, waweza kumwacha aende. Nguvu hiyo haiandikwi katika hesabu, lakini ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Tena msimu wa pili majina hayo hayatafutwi upya. Yapo. Haba na haba hujaza kibaba.

SHERIA YASEMAJE?

Jina la mtu, simu yake na anwani yake ni mali yake, nawe umeazimwa tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na iko ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inayoisimamia. Sheria hiyo yataka mtu anayetumia habari za watu kwa biashara awe na idhini yao, na mtu aweze kukataa kuandikiwa matangazo. Ndiyo maana ya ile safu ya saba katika daftari, pamoja na lile neno ACHA.

Ofisi hiyo haifanyi mzaha. Septemba 2023 iliitoza nyumba moja ya starehe ya Nairobi faini ya Sh. 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Basi usipige picha ya mnunuzi akiwa na magunia yako ukaisambaza kabla ya kumwuliza.

Kampuni za barua pepe nazo zina masharti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wakubwa, wale wa barua 5,000 au zaidi kwa siku, waweke njia rahisi ya kujiondoa, na malalamiko yasifike 3 katika kila barua 1,000. Sisi si watumaji wakubwa, lakini fundisho latuhusu. Mpokeaji akiiweka barua yako katika taka mara kwa mara, mashine hujifunza, na barua zako zote zaweza kufuata njia hiyo.

MATAPELI NA NENO LA SIRI

Penye malipo pana matapeli. Mtu akilipata neno lako la siri, ataingia katika anwani yako na kuwaandikia wanunuzi wako, "Namba yetu ya kulipia imebadilika." Wao watalipa, na wewe utadaiwa viazi. Kwa hiyo neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Washa na ulinzi wa hatua mbili, ambao huomba namba kutoka simu yako kabla ya kufungua. Ukitumia kompyuta ya kulipia mjini, hakikisha umefunga akaunti kabla ya kuondoka kitini. Na siri ya M-Pesa usimwandikie mtu yeyote kwa barua yoyote.

IKIWA MNAUZA PAMOJA

Mkulima wa ekari mbili hawezi kulisha shule ya bweni peke yake mwaka mzima, lakini wakulima 15 waweza, wakipanda kwa zamu. Kikundi chenye anwani moja na orodha moja husikilizwa kuliko watu 15 wanaopiga simu kila mmoja kwa wakati wake.

Ila kabla ya kuandika jina la kwanza, amueni orodha ni ya nani. Iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba orodha ni ya kikundi, si ya katibu. Neno la siri lijulikane na maofisa wawili. Uchaguzi ukifanyika, orodha na neno la siri vikabidhiwe pamoja na muhuri na kitabu cha benki, na neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo. Katibu akiondoka nayo, ameondoka na soko lenu lote, na hakuna uzio utakaowaonyesha alipopitia.

Mwisho wa kila mwaka someni orodha kama mwalimu asomavyo rejista. Nani yupo? Nani amehama? Nani hajajibu misimu minne? Mwandikieni mara moja kumwuliza kama bado anapenda kuarifiwa. Asipojibu, futeni jina lake. Majina 40 ya watu wanaosoma ni bora kuliko 400 ya watu walionyamaza.

KAZI YA MWEZI HUU

Daftari hili halitaponya viazi vilivyooza, wala halitapandisha bei ikiwa kilo 50 zako ni kilo 43. Litafanya jambo moja tu: litawajulisha watu walionunua kwako wakaridhika kwamba una kitu tena. Misimu ya kwanza majina yatakuwa machache. Hata chai huchukua miaka kabla ya kuchumwa vizuri, nasi hatukuing'oa kwa sababu hiyo.

Basi mwezi huu fanya haya. Nunua daftari uchore safu saba. Kumbuka watu 10 walionunua kwako mwaka uliopita. Watafute, uwaulize kama wangependa kuarifiwa. Fungua anwani ya biashara, na ikiwa hujui, mlete kijana wako mfundishwe pamoja. Mwandikie kila mmoja aliyekubali barua moja fupi ya shukrani, hata kama leo huna kitu cha kuuza.

Mwenye swali aje ofisi ya kilimo ya kata siku ya kazi na daftari lake mkononi. Hata likiwa na jina moja tu, tutaanza na hilo.